WANAUME JIKONI, WANAWAKE IKULU: NI NANI HASA ALIYEIPINDUA DUNIA?

  

Ndugu Waislamu, yako maswali ambayo wazee wetu hawakupata kuulizwa na watoto wao. Hivi leo binti wa miaka kumi na mitano, aliyehifadhi juzuu kadhaa na anayevaa hijabu yake bila ya kulazimishwa, anaweza kumuuliza mzazi au mwalimu wake: "Ikiwa mwanamume angekaa jikoni na mwanamke akashika uongozi, ni kitu gani kingeharibika duniani?" Akiulizwa amelipata wapi swali hilo, atasema amelipata katika filamu. Wazazi wengi humjibu kwa kumnyang'anya simu. Simu huchukuliwa, swali likabaki.

Sisi tunasema kuwa swali hili lina jibu, tena jibu lenye nguvu katika Qur-an na Sunna. Lakini tunasema pia kwamba mengi yanayotolewa kuwa ni majibu katika baraza zetu, na hata katika baadhi ya mimbari, si jibu la Uislamu. Ni utetezi wa mazoea uliovishwa kilemba cha dini. Kwa ajili hiyo tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo.

FILAMU HIZI ZINASEMA NINI?

Kuna filamu za kubuni zinazojengwa juu ya dhana kwamba kando ya dunia yetu zipo dunia nyingine nyingi zinazofanana nayo, ila katika kila moja jambo fulani limekwenda kinyume. Huitwa dunia sambamba. Mtu huvuka kutoka hii akaingia nyingine, akakuta mji ni ule ule na mitaa ni ile ile, lakini watu wanaishi kwa desturi tofauti.

Mojawapo iliyo mashuhuri ni tamthilia ya Marekani iitwayo Sliders, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1995 na kumalizika mwaka 2000. Katika sehemu yake mojawapo ya mwaka 1995, iliyopewa jina la The Weaker Sex, maana yake jinsia dhaifu, wasafiri wake wanne wanaingia katika mji wa San Francisco ambao wanawake ndio wenye madaraka na kazi za heshima, na wanaume ndio wanaotarajiwa kukaa nyumbani na kutosikilizwa. Mmoja wa wasafiri hao, Profesa Arturo, mtu mzima mwenye elimu nyingi na majivuno yasiyo machache, anaghadhibika hata akagombea umeya wa mji. Mwaka 1996 tamthilia hiyo hiyo ikaonyesha dunia nyingine ambayo maradhi yameangamiza wanaume wengi mno, na walio wazima wanawindwa ili wazalishe, mithili ya madume ya mifugo.

Waingereza walikuwa wametangulia. Mwaka 1980 wachekeshaji wawili wa BBC, Ronnie Barker na Ronnie Corbett, walionyesha mfululizo wa The Worm That Turned, unaohusu Uingereza ya mwaka 2012 iliyo chini ya utawala wa wanawake, ambako wanaume wamelazimishwa kuvaa nguo za kike na kuitwa majina ya kike. Mwaka 2012 ukaja ukapita, na utawala huo haukuonekana. Mwaka 1988 tamthilia nyingine ya Kiingereza, Red Dwarf, ikawapeleka watu wake katika dunia sambamba ambako mwanamume mmoja anakutana na nafsi yake yenyewe katika umbo la kike. Anafanya naye uchafu, na kwa kuwa katika dunia ile wanaume ndio wanaobeba mimba, anatoka huko akiwa mjamzito. Na mwaka 2018 Wafaransa wakatoa kupitia Netflix filamu ya mwanamume mpenda wanawake anayejigonga kichwa, akazindukana katika dunia ambayo yeye sasa ndiye anayetazamwa kwa macho ya tamaa.

Tumezitaja kwa majina na miaka ili asije mtu akadhani tunazua. Nyingi katika hizi ni za zamani huko zilikotoka. Lakini simu ya mkononi haitofautishi cha zamani na kipya. Kilichotengenezwa kabla mtoto hajazaliwa humfikia kama kilichotengenezwa jana, naye hukitazama peke yake, usiku, bila ya mtu wa kumuuliza.

NJIA YA KUBADILISHANA NAFASI

Allah (s.w.) ametuamrisha kufanya uadilifu hata kwa watu tusiowapenda, kama ilivyo katika Suratul-Maida, aya ya 8. Basi na tuwe waadilifu. Njia inayotumiwa na filamu hizi si mbaya kwa asili yake. Ni kumchukua mwenye nguvu, ukamweka mahali pa asiye na nguvu, ili aonje anachokionja mwenzake.

Mtume (s.a.w.) aliitumia njia hii. Alipoendewa na kijana aliyeomba ruhusa ya kuzini, watu walimkemea kijana yule, lakini Mtume (s.a.w.) alimsogeza karibu. Akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo afanyiwe mama yake, kisha binti yake, kisha dada yake, kisha shangazi yake, kisha mama yake mdogo. Kila mara kijana alijibu kuwa haridhii, akaelezwa kwamba na watu wengine vile vile hawaridhii kwa watu wao. Kisha akaombewa dua. Ameipokea Imam Ahmad kutoka kwa Abu Umama (r.a.). Kijana yule hakupigwa wala hakufukuzwa. Alihamishwa tu kutoka mahali pake akawekwa mahali pa mwenzake, akaona.

Kwa hiyo mwanamume anayekasirika kwa kuona katika filamu kwamba mwanamume hasikilizwi kwa sababu tu ni mwanamume, kabla ya kuilaani filamu na ajiulize: mbona jambo hili linamuudhi likimpata mwanamume, na halimuudhi likimpata mkewe? Mpaka hapa filamu imeuliza swali la haki. Kosa lake linaanzia kwenye jibu.

MAKOSA MAWILI YA FILAMU

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba uadilifu ni kupokezana zamu ya kuonea. Katika dunia hizo zilizopinduliwa, dhulma haikuondoka, imehama tu. Aliyekuwa juu yuko chini, na aliyekuwa chini amepanda na kuanza kukanyaga. Watunzi hawa walijipa uhuru wa kubuni dunia zisizo na idadi, lakini katika hizo tulizozitaja hawakutuonyesha nyumba ambayo mume ana haki na wajibu, mke ana haki na wajibu, na wote wawili wana Mola atakayewahesabu. Kwao nafasi ya mtu ni nguvu, na nguvu haina budi ishikwe na mmoja dhidi ya mwingine.

Nasi tunawaambia mabinti zetu kwamba swali hili si jipya, wala halikuzaliwa Marekani. Liliulizwa Madina. Imepokewa na Imam Tirmidhi kwamba Umm Salama (r.a.) alisema kuwa wanaume wanakwenda vitani na wanawake hawaendi, nao wanawake wana nusu ya mirathi. Ikateremka aya ya 32 ya Suratun-Nisaa, inayowakataza waumini kutamani kile ambacho Allah amewafadhili kwacho baadhi yao kuliko wengine. Aya hiyo ikathibitisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma, na ikawaelekeza wote wamuombe Allah fadhila Zake. Tena imepokewa kwamba wanawake waliuliza mbona wanaume ndio wanaotajwa, ikateremka aya ya 35 ya Suratul-Ahzab, inayowataja wanaume na wanawake pamoja katika sifa kumi, kuanzia Uislamu hadi kumdhukuru Allah kwa wingi, na kuwaahidi wote msamaha na ujira mkubwa.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi walivyojibiwa. Hawakuambiwa wanyamaze, wala hawakuambiwa wabadilishane nafasi na wanaume. Walipewa jibu kutoka mbinguni linalosomwa hadi leo.

Kosa la pili ni kupindua vitu viwili kana kwamba ni kimoja. Zingatieni ile hadithi ya mwanamume mjamzito. Watunzi walipotaka mapinduzi yao yakamilike, ilibidi wambadilishe mwanamume mwili. Kwa kufanya hivyo wamekiri, pengine bila ya kukusudia, kwamba liko jambo lisilogeuzwa kwa kura wala kwa sheria ya bunge. Lakini ili mwanamume apike, afue au alee mtoto, na ili mwanamke asome, afanye biashara au atoe rai, haikuwa lazima mwili wa yeyote ubadilishwe.

Jambo la kwanza ni maumbile, na Sharia imejenga hukumu juu yake: mahari, nafaka, eda, haki za mwenye kunyonyesha. Humo limo pia katazo kali alilolipokea Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Katika hayo hatuna mjadala na mtu. Jambo la pili, sehemu yake kubwa ni ada. Ada njema tunaiheshimu, lakini haiwi wahyi kwa sababu tu babu zetu waliizoea.

KOSA LA BARAZA ZETU

Hapa ndipo penye uchungu. Filamu inabomoa maumbile na ada kwa pamoja, kwa jina la uhuru. Baraza zetu zinatetea maumbile na ada kwa pamoja, kwa jina la dini. Pande zote mbili zimekubaliana katika kosa moja, nalo ni kutovitenganisha vitu hivi. Anayelipa gharama ni yule binti. Siku atakapogundua kwamba baadhi ya mambo aliyoambiwa ni dini si dini, ataanza kuyashuku na yale ambayo ni dini kweli. Hatutampoteza kwa sababu ya filamu. Tutampoteza kwa sababu tulimwambia uongo kuhusu Sharia, na filamu ikamkuta tayari ana shaka.

Tuchukue jiko. Wako wanaume wanaosema kwamba mwanamume akishika sufuria amepindua maumbile. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea katika pwani yetu, na ndiyo kauli ya wanazuoni walio wengi, kupika na kufua si katika mambo ambayo akdi ya ndoa humuwajibishia mke. Wako wanazuoni wakubwa waliosema ni wajibu wake kwa kadiri ya yaliyozoeleka, akiwemo Ibnul-Qayyim (rahimahullah), na kauli yao ina uzito. Lakini hata wao wameijenga kwenye desturi njema ya watu, na desturi hutofautiana kwa mahali na zama. Tena Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na ikifika Swala hutoka kwenda kuswali. Ameipokea Imam Bukhari. Je, kuna mwenye kudai kuwa na uanaume zaidi ya Mtume wa Allah?

Tuchukue na aya inayopendwa mno na wasemaji wetu, pale mke wa Imran alipojifungua. Aliweka nadhiri ya kumtoa aliye tumboni mwake awe mtumishi wa nyumba ya ibada. Alipozaliwa mtoto wa kike, akasema kwamba mwanamume si sawa na mwanamke. Wasemaji huishia hapo. Lakini aya inayofuata, ya 37 katika Suratu Aali Imran, inaeleza kuwa Allah alimpokea binti yule kwa mapokezi mema, akamkuza makuzi mema, na Zakariya akawa kila akimuingilia mihrabuni humkuta na riziki. Tofauti ya maumbile ilibaki kuwa kweli, na nafasi ya utumishi ambayo mama alidhani ni ya mtoto wa kiume akapewa Maryam. Anayesoma aya ya kwanza na kuificha ya pili ametumia nusu ya Qur-an dhidi ya nusu nyingine.

Wala tusidhani kuwa hadithi za kupindua dunia zote zimetoka kwa wasiokuwa Waislamu. Mwaka 1905, miaka tisini kabla ya ile sehemu ya Sliders, mwanamke wa Kiislamu wa Bengal, Bi Rokeya Sakhawat Hossain, alichapisha hadithi fupi aliyoiita Ndoto ya Sultana. Humo wanaume ndio wanaofungiwa ndani, na wanawake wanaongoza nchi kwa elimu yao, wakatumia joto la jua kuwashinda maadui. Hatukubaliani naye katika kuwafungia wanaume, kama tusivyokubali wanawake kufungiwa wasipate elimu. Lakini tumuulize: ni nini kilichomfanya Muislamu aote ndoto hiyo? Alizaliwa mahali ambapo mabinti walinyimwa kusoma, na ndugu yake wa kiume ndiye aliyemsaidia kujifunza. Na alipopata uwezo, hakuanzisha jela ya wanaume. Mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana mjini Calcutta.

MPINDUAJI YUKO MITAANI KWETU

Aya ya 34 ya Suratun-Nisaa imewapa wanaume usimamizi, ikataja na sababu zake mbili: fadhila aliyoiweka Allah, na mali wanayoitoa. Usimamizi ni amana yenye masharti, si kiti cha kukalia. Basi tuseme nini juu ya mwanamume mwenye afya yake anayeamka saa tatu, ilhali mkewe ameamka kabla ya alfajiri kukaanga vitumbua na kuviuza ili watoto waende shule? Mume huyo anashinda barazani akicheza bao. Jioni anarudi, anauliza chakula kiko wapi, na kikichelewa anasoma aya ya usimamizi kwa sauti.

Huyu ameipindua dunia bila ya kupanda chombo chochote cha angani. Hana haja ya kwenda San Francisco. Na mapinduzi yake ni mabaya kuliko ya filamu. Filamu imempa mwanamke kazi ya mwanamume, ikampa mwanamume kazi ya mwanamke. Huyu amemwachia mwanamke zote mbili, kisha akabakisha kwake heshima tu. Mtume (s.a.w.) alipolalamikiwa na Hind bint Utba kuhusu ubahili wa Abu Sufyan, hakumwambia asubiri. Alimruhusu kuchukua katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Ameipokea Bukhari na Muslim.

Tuseme nini juu ya ndugu wanaogawana shamba na nyumba ya marehemu baba yao, kisha wakawaambia dada zao kwamba wao wameolewa, wakale kwa waume zao? Sharia ambayo ndugu hao wanaitaja kila anapotajwa mwanamke ndiyo iliyompa dada yao fungu kwa jina, katika aya ya 7 na ya 11 ya Suratun-Nisaa, na aya ya 14 ikamuahidi Moto mwenye kuivuka mipaka hiyo. Nusu aliyopewa na Allah wameigeuza kuwa sifuri, kisha wanashangaa binti akivutiwa na filamu inayomwambia kuwa dini ni mchezo wa wanaume.

Na tuseme nini juu ya misikiti isiyo na mahali pa mwanamke kuswali wala pa kutawadhia, hali Mtume (s.a.w.) amekataza kuwazuilia waja wa kike wa Allah misikiti ya Allah? Wanawake wa Madina walimlalamikia kwamba wanaume wamewashinda katika kumpata, wakaomba siku yao ya kusoma, naye akawawekea siku. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (r.a.). Kutokana na elimu ile Umma ukapata wanawake wasomi kwa karne nyingi. Al-Khatib Al-Baghdadi, imamu wa hadithi, alikwenda Makka akamsomea Sahihi Bukhari mwanamke, Karima Al-Marwaziyya, aliyefariki mwaka 463 Hijria. Imamu yule hakuona kwamba dunia imepinduka kwa yeye kukaa mbele ya mwalimu wa kike.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, wazazi wasiishie kuchukua simu. Uchafu uliomo katika filamu hizi ni uchafu, na mzazi ana haki na wajibu wa kuuzuia. Lakini akishauzuia, akae na mwanawe na alijibu swali lake kama lilivyojibiwa Madina. Asipojua jibu, amuulize mwenye elimu, wala asibuni.

Pili, makhatibu wetu wapambanue mimbarini. Wakisema jambo ni Sharia, wataje dalili. Wakisema ni ada, waseme ni ada.

Tatu, kila mwanamume aipime nafaka yake kabla ya kuupima utiifu wa mkewe. Na kila familia yenye mirathi isiyogawanywa imwite mjuzi wa faraidh, na dada zao wawepo hesabu inapofanywa.

Nne, kamati za misikiti zisizo na sehemu ya wanawake zianze sasa, japo kwa pazia na bomba moja la maji, na walimu watenge siku ya darasa la kina mama na mabinti, lenye vitabu na mtihani kama la wanaume.

Tano, dada zetu nao wajue kwamba aliyewapa fungu lao ni Allah, si mtunzi wa filamu. Wanaodhulumiwa wadai kwa Sharia, maana Sharia imewasemea kabla hawajasema. Wasitafute haki zao katika dunia isiyokuwepo, hali wana Kitabu katika dunia hii.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, azitengeneze nyumba zetu, na atuhifadhie wanetu wa kiume na wa kike katika dini Yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.